Kutoka uwanja wa shule hadi mkataba wa nje: mwongozo kamili kwa binti wa Dar anayetaka kuishi kwa mpira wa wavu

Tuanze na pesa, maana ndilo swali ambalo mzazi huuliza kwanza na makocha wengi hulikwepa. Hapa nyumbani mpira wa wavu haulipi kama soka. Usisubiri timu ikusajili kwa dau na kukutangaza mitandaoni kama wanavyofanyiwa wachezaji wa Simba Queens au Yanga Princess. Wachezaji wa timu zetu kubwa za wanawake, Jeshi Stars na Magereza zikiwamo, kwa sehemu kubwa ni waajiriwa. Mshahara unatoka kwa mwajiri, na mchezo ni sehemu ya utumishi. Kenya nako mambo ni hayohayo. Soma tu majina ya klabu zao: KCB ni benki, Kenya Pipeline ni kampuni ya bomba la mafuta, kuna Magereza, kuna DCI ya wapelelezi wa jinai. Na klabu hizo ndizo zilizoibeba Malkia Strikers, timu ya taifa ya Kenya, hadi Olimpiki ya 2000, 2004, Tokyo na Paris 2024.

Kwa hiyo kuishi kwa mpira wa wavu kuna njia mbili: kupata ajira kupitia mchezo hapa nchini, au kupata mkataba kwenye ligi ya nje inayolipa. Zote mbili zinaanzia uwanja uleule wa shule, ila huachana mapema kuliko watu wanavyodhani. Na kwa maoni yangu, kinachowakwamisha mabinti wetu si kimo wala kipaji. Wengi hukwama kwa kushindwa kupokea sevu, yaani mpira wa kuanzisha, na wanaolivuka hilo hukwama kwenye karatasi. Ndiyo maana nimeyapa mambo hayo nafasi kubwa kuliko mengine.

Hatua ya 1: Jipime kwa chaki

Kocha wa nje hakuulizi kama wewe ni mrefu. Anauliza sentimita. Vua viatu, visigino viguse ukuta, pima kimo. Kisha nyoosha mkono juu ukiwa umesimama, weka alama, pima kutoka sakafuni. Halafu tafuta goli la kikapu, kwa sababu ringi yake iko mita 3.05 na hapo huna haja ya kubahatisha. Paka vidole chaki, piga hatua zako za kushambulia, ruka, gusa nguzo au ubao, pima ulipofika. Wavu wa wanawake una urefu wa mita 2.24. Ukifika 2.85 una sentimita 61 juu ya wavu, na kwa binti wa miaka kumi na sita hilo si jambo dogo. Washambuliaji wa kiwango cha dunia wengi hupita mita 3.

Andika namba hizo pamoja na tarehe, kisha urudie kila baada ya miezi mitatu. Usijiongezee hata sentimita moja. Klabu itakupima siku utakayotua, na mchezaji aliyeandika 184 akakutwa na 179 huanza kazi akiwa ameshaonekana mwongo.

Namba hizo ndizo zitakazokuambia ucheze wapi. Mzuiaji wa kati na mshambuliaji wa upande wa kulia, yule anayesimama mkabala na seta (mpangaji wa mashambulizi), wanahitaji kimo kweli. Paola Egonu wa Italia na Tijana Bošković wa Serbia wana karibu sentimita 193 kila mmoja. Mshambuliaji wa kushoto anaweza kuwa mfupi kidogo kama anapokea vizuri. Seta na libero, yaani mtaalamu wa kupokea na kulinda nyuma, hawana kisingizio cha kimo. Yoshie Takeshita wa Japani alikuwa seta mwenye sentimita 159. Alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano ya ubingwa wa dunia ya wanawake ya 2006, na mwaka 2012 akaondoka London na medali ya shaba ya Olimpiki. Monica De Gennaro, libero wa Italia mwenye sentimita 174, alitwaa dhahabu ya Paris akiwa na miaka 37. Kama una sentimita 165 na mtu anakuambia uhamie netiboli, mtajie hao wawili.

Hatua ya 2: Ingia kwenye timu yenye mechi

Ukiwa shuleni, mlango ni UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari. Unachujwa kuanzia shule, wilaya, mkoa, hadi mashindano ya taifa, na huko ndiko makocha wa majeshi na taasisi huja kutazama. Ukiwa chuoni kuna michezo ya vyuo. Ukiwa mtaani, usikae nyumbani ukisubiri tangazo. Siku ambayo kuna mashindano ya wavu kwenye Uwanja wa Ndani wa Taifa pale Temeke, nenda, kaa karibu na benchi, na mechi ikiisha mfuate kocha. Mwambie: "Shikamoo kocha, naitwa fulani, nina miaka kadhaa, kimo changu ni hiki, nacheza namba hii, naomba kuja mazoezini." Makocha wa wavu hapa mjini si wengi na wanajuana, hivyo asiyekuhitaji atakuelekeza kwa anayekuhitaji.

Chagua timu kwa kuangalia mambo mawili. La kwanza, idadi ya mechi. Timu yenye jina kubwa inayokuweka benchi mwaka mzima haina faida kwako kama timu ya kawaida inayokuchezesha seti tano. La pili ni usafiri. Mazoezi mengi huanza saa kumi au kumi na moja jioni na kwisha giza limeingia. Binti wa Mbagala anayefanya mazoezi Lugalo atamaliza nguvu zake kwenye foleni, na mzazi atamkataza kabla hata kocha hajamkataa. Timu unayofika kwa gari moja, daladala au mwendokasi, ni bora hata kama haina jezi za maana.

Kuna jambo linaloanzia hapahapa shuleni: vijeba. Kuna walimu watakaokushauri upunguze umri ili ucheze UMISSETA mwaka mmoja zaidi. Kataa. Tarehe ya kuzaliwa iliyochezewa ukiwa kidato cha pili itakurudia ukiwa na miaka ishirini na miwili, siku shirikisho la nchi nyingine litakapolinganisha pasipoti yako na fomu za zamani.

Hatua ya 3: Jifunze kupokea sevu kabla ya smashi

Nikienda kwenye mazoezi ya timu zetu naona jambo lilelile. Foleni ndefu ya wasichana wakipiga smashi, kelele na vicheko, halafu dakika kumi za mwisho ndipo wanapokea sevu tatu tatu huku wamechoka. Ukicheza na timu ya Kenya unalipia hapo. Sevu ya kuelea inakuja, haizunguki, inayumba, inamgonga mtu begani, seta anakimbia hadi kwenye benchi kuokoa, na yule mshambuliaji wenu anayeruka kama swala hapati mpira wa kupiga.

Pokea sevu kila siku ya mazoezi, mwanzoni, miguu ikiwa bado mizima. Mwombe mwenzako apige sevu 50 na mtu wa tatu aandike alama. Pasi inayomfikia seta karibu na wavu akaweza kumpa mtu yeyote ni 3. Inayompunguzia chaguo ni 2. Inayolazimisha mpira wa juu tu kwa mtu mmoja ni 1. Iliyopotea ni 0. Jumlisha, gawa kwa 50. Ukiwa chini ya 1.8 usiwaze ligi yoyote ya kulipwa kama mshambuliaji wa kushoto au libero. Ukivuka 2.2 dhidi ya sevu kali, una kitu cha kuuza. Lengo ni kuona namba ikipanda mwezi hadi mwezi, kwa hiyo iandike kwenye daftari kila mara.

Mbinu yenyewe: miguu ifike kwanza, mikono iunganishwe mwisho. Wengi hufanya kinyume, wanafunga mikono halafu wanakimbia kama waliofungwa kamba. Mtazame mpigaji bega lake, si mpira, hadi mpira utoke mkononi. Mabega yaelekee kwa seta hata kama mwili umeelekea kwingine. Na sema, piga kelele "wangu!", kwa sababu robo ya sevu zinazotua hapa kwetu zinatua katikati ya watu wawili walioheshimiana.

Kama hamna uwanja, mnautengeneza. Uwanja ni mita 18 kwa 9, mstari wa mashambulizi uko mita 3 kutoka wavuni. Kamba iliyokazwa mita 2.24 kati ya nguzo mbili inatosha kabisa kwa sevu na kupokea. Ila jueni kwamba viwanja vyetu vingi ni vya nje. Upepo wa jioni hubadilisha sevu, na mchezaji aliyezoea upepo akiingia ukumbini huona mpira unamfikia haraka kuliko alivyotarajia. Ukipata nafasi ya kucheza ndani, hata mara moja kwa wiki, ifuate.

Saruji ni tatizo kubwa zaidi. Kuruka mara mia juu ya saruji siku tano kwa wiki ni kuyamaliza magoti kabla ya kufika umri wa mkataba. Hesabu miruko yako. Siku mbili za kuruka kwa nguvu, siku nyingine za kupokea, kuseti na kukaba chini. Mchanga wa Coco Beach asubuhi ni mzuri kwa miguu na hauumizi, ila usiutumie kupima mruko wako kwa sababu mchanga hula sentimita nyingi.

Vifaa nitavipitia haraka. Raba yenye soli ya mpira laini isiyoteleza, na za mtumba pale Karume zinafaa kama soli haijakakamaa. Ikunje, ikirudi taratibu sana au ikitoa nyufa iache. Kinga za magoti. Mpira wenye mzingo wa sentimita 65 hadi 67 na uzito wa gramu 260 hadi 280. Mwingi wa bei poa Kariakoo ni mzito kuliko hapo, na mikono itakuambia.

Hatua ya 4: Mwili

Kifundo cha mguu ndicho kinachoumia mara nyingi katika wavu, hasa unapotua juu ya mguu wa mpinzani chini ya wavu. Goti ndilo linaloumia vibaya. Wanawake hupata majeraha ya ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi kuliko wanaume katika michezo ya kuruka, na sababu mojawapo inayorekebishika ni namna ya kutua. Jirekodi kwa simu ukitua. Magoti yakiingia ndani yakakaribiana, una kazi ya kufanya: kuchuchumaa kwa mguu mmoja mbele ya kioo, kutua kwa miguu miwili kimya kimya bila kishindo, kuimarisha nyonga na misuli ya nyuma ya paja, dakika kumi na tano kila kabla ya mazoezi. Hizo dakika hazina raha yoyote, na ndiyo maana hazifanywi.

Ukisikia goti limelia "pa!" na likavimba siku hiyohiyo, usipeleke kwa mkandaji. Barafu, usikanyagie, nenda hospitali. Kwa mifupa na viungo kuna Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili. Anayefanyiwa upasuaji wa ligamenti hiyo huhitaji miezi tisa hivi au zaidi kabla ya kurudi kucheza, na anayerudi baada ya minne kwa sababu timu ina fainali mara nyingi hurudi tena mezani kwa daktari.

Chakula hakihitaji unga wa kopo. Dagaa, mayai, maharage, karanga, maziwa, ugali au wali wa kushiba, ndizi kabla ya mazoezi, maji ya kutosha kwa sababu joto la Februari hapa Dar halina utani. Chai ya rangi iache mbali na mlo, maana hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye mchicha na maharage, na mabinti wanaopata hedhi na kufanya mazoezi makali wanapungukiwa madini hayo upesi. Hedhi ikikatika miezi mitatu na huna mimba, mwili unasema hauli vya kutosha kwa kazi unayoupa. Mifupa ndiyo inayolipa. Mwone daktari, na usikubali kocha anayekusifia kwa kukonda.

Na kwa kuwa ligi za kulipwa zina vipimo vya dawa zilizokatazwa, zoea sasa kumuuliza mfamasia kuhusu kila dawa ya mafua na kila kinywaji cha nguvu. Mchezaji hubeba lawama ya kilichokutwa mwilini mwake hata kama alipewa na rafiki.

Hatua ya 5: Karatasi, tena mapema

Hapa ndipo wengi huangukia. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA. Viweke mezani kwa pamoja. Je, majina yanafanana herufi kwa herufi? Mwanahawa kwenye cheti cha kuzaliwa, Hawa kwenye cheti cha shule, na jina la babu limewekwa upande mmoja na halipo upande mwingine: huyo kwa macho ya ofisa wa visa ni watu wawili. Rekebisha sasa, RITA na NIDA, na ikibidi kwa wakili kwa hati ya kubadili jina inayosajiliwa. Kazi hii inaweza kula miezi, na klabu inayokutaka Agosti haitasubiri Desemba.

Kisha pasipoti. Maombi hufanyika mtandaoni kupitia Idara ya Uhamiaji, ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi. Ongeza kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Karatasi ya tatu wengi hawaijui kabisa: usajili wako kwenye shirikisho la taifa la mchezo. Kila mchezaji ana shirikisho lake la asili, na bila ridhaa ya shirikisho hilo huwezi kuchezea klabu ya nchi nyingine. Hakikisha klabu yako imekusajili rasmi, kwa jina la pasipoti, na ujue ofisi ilipo na nani anashughulikia uhamisho. Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, kumbuka Kigali, Septemba 2021. Rwanda ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika ya wanawake, ikawachezesha wachezaji wanne wenye asili ya Brazil ambao uhamisho wao ulikuwa na kasoro. Nigeria ikakata rufaa, mashindano yakasimama, na mwenyeji akaondolewa nyumbani kwake mwenyewe.

Hatua ya 6: Chagua njia ukijua unachokiacha

Ajira ya jeshi, magereza au polisi ni mshahara wa kila mwezi, matibabu, pensheni, na kazi inayobaki baada ya goti kukataa. Kwa familia nyingi za Temeke na Gongo la Mboto hilo ni jambo kubwa, na simlaumu binti anayelichagua. Lakini ukishavaa sare, kwenda kucheza nje kunahitaji ruhusa ya mwajiri, na mwajiri anaweza kusema hapana. Masharti ya umri, elimu na hali ya ndoa huandikwa kwenye tangazo. Yasome kwenye tovuti ya chombo husika, si kwenye picha iliyosambazwa WhatsApp. Anayekuomba "hela ya kuingizia jina" ni tapeli.

Njia ya pili ni Kenya au Rwanda kwanza, kisha mbali zaidi. Mimi ndiyo ninayoipendelea. Kwenda Nairobi ni basi la siku moja, huhitaji visa, lugha unayo, na klabu kama KCB na Kenya Pipeline zimewahi kuwa mabingwa wa Afrika. Ukicheza klabu bingwa Afrika mawakala wanakuona. Mercy Moim, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Tokyo, alitokea kwenye ligi hiyo kabla ya kwenda kucheza nje ya Afrika, na Sharon Chepchumba naye akaenda Ugiriki.

Ipo na ya tatu, ambayo si mshahara bali masomo: ufadhili wa chuo Marekani. Mpira wa wavu wa wanawake una ufadhili mwingi kule, lakini unataka matokeo mazuri ya kidato cha nne na sita, Kiingereza cha kufaulu mtihani, na usajili kwenye kituo cha kuhakiki wanamichezo cha NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule. Usisaini mkataba wa kulipwa popote kabla ya kuuliza, kwa sababu saini hiyo inaweza kukufungia mlango. Na usichelewe sana baada ya kumaliza shule.

Hatua ya 7: Video inayotazamwa

Kocha wa Poland au Romania hatakuja Dar. Atafungua kiungo, atakupa nusu dakika. Weka simu kwa ulalo, nyuma ya mstari wa mwisho, juu kidogo, kwenye ngazi za jukwaa au mtu asimame juu ya kiti imara, ili uwanja wote uonekane. Isitikisike, isikuzwe. Rekodi mechi nzima dhidi ya timu ngumu. Smashi dhidi ya watoto wa shule haimshawishi mtu. Kisha kata dakika tatu hadi nne: mwanzo kabisa jina, mwaka wa kuzaliwa, kimo, ufiko (pale mkono unapofika ukiruka), nafasi, namba ya jezi. Fuata na kitu chako bora. Weka kupokea sevu hata kama wewe ni mshambuliaji. Acha muziki, hasa ule wa kelele, kwa sababu makocha hupenda kusikia mpira ukipigwa na wewe ukiongea uwanjani. Pakia YouTube, pamoja na kiungo cha mechi nzima bila kukatwa. Atakayevutiwa atataka kuona makosa yako pia.

Ambatanisha takwimu. Mapigo 30, pointi 12, makosa 4: toa makosa kwenye pointi, gawa kwa mapigo, unapata 0.27. Hiyo ndiyo lugha ya makocha wa huko, na binti anayeitumia huonekana anajua kazi yake.

Hatua ya 8: Wakala na uhamisho

Shirikisho la kimataifa, FIVB, hutoa leseni kwa mawakala na kuchapisha majina yao. Mtu akikuandikia Instagram, tafuta jina lake huko kwanza. Wakala halali hulipwa sehemu ya mkataba, kiwango kilichozoeleka ni karibu asilimia 10, na hulipwa baada ya wewe kupata kazi. Anayetaka shilingi laki tano za "kufungua faili" mwambie asante na umzuie. Anayetaka picha zako ukiwa umevaa nguo za kuogelea, wakati unaomba kazi ya wavu wa ukumbini, unajua anachotafuta.

Na kwa kuwa tumefika hapo: kocha au kiongozi anayetaka mwili wako ili akupe namba au akuite timu ya taifa anafanya rushwa ya ngono, kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Kwa aliye chini ya miaka 18, namba ya kusaidia watoto ni 116. Hifadhi jumbe zote.

Klabu ikikukubali, uhamisho huendeshwa kwa cheti cha uhamisho wa kimataifa kupitia mfumo wa mtandaoni wa FIVB. Wanaohusika ni klabu mpya, shirikisho lake, shirikisho lako na wewe mwenyewe. Gharama kwa kawaida hubebwa na klabu. Kazi yako ni kumfuatilia mtu wa shirikisho lako kila siku, kwa adabu, hadi athibitishe. Usicheze hata mechi moja ya ligi kabla cheti hakijakamilika. Visa nayo iombwe mapema, kwa sababu nchi kadhaa zenye ligi nzuri hazina ubalozi hapa na utatumwa Nairobi.

Hatua ya 9: Mkataba, mstari kwa mstari

Ligi nyingi za Ulaya huanza Oktoba na kwisha kati ya Aprili na Mei. Hivyo mkataba ni wa miezi minane hadi kumi, si kumi na miwili. Ukiambiwa mshahara wa mwezi, uliza unalipwa miezi mingapi, kisha gawa kwa kumi na miwili ndipo ulinganishe na kazi ya hapa. Uliza kama kiasi hicho ni baada ya kodi. Nyumba: peke yako au na wenzako, nani analipa umeme wa baridi? Tiketi ya kwenda na ya kurudi iandikwe, na hasa ya kurudi. Bima ya matibabu iandikwe, na mshahara wakati wa jeraha uandikwe. Angalia kipengele cha vipimo vya afya: kama klabu inaweza kuvunja mkataba baada ya vipimo, nani anakurudisha nyumbani?

Angalia pia kipengele cha ujauzito. Mwaka 2021 habari za mchezaji wa Italia, Lara Lugli, zilienea duniani baada ya klabu yake ya zamani kumdai fidia kwa sababu alipata mimba akiwa na mkataba. Dai lile lilifutwa baadaye, lakini limetufundisha kusoma. Mkataba uwe kwa lugha unayoielewa, usainiwe na pande zote, na nakala ubaki nayo wewe, nyingine kwa mzazi au wakili. Ahadi ya WhatsApp haitakusaidia mbele ya mtu yeyote.

Hatua ya 10: Msimu wa kwanza

Utafika, itakuwa baridi, utakuwa mgeni anayetarajiwa kufanya zaidi ya wenyeji, kwa sababu nafasi za wageni ni chache na zinalipiwa. Jifunze maneno ishirini ya uwanjani ya lugha yao kabla ya ndege: wangu, wako, mfupi, mrefu, nje, acha. Mpigie mama Jumapili, si kila usiku. Pesa ya kutuma nyumbani ipange kiasi kabla hujaondoka na ukitaje kwa familia waziwazi, kwa sababu ukishajulikana "yuko Ulaya" ada za binamu wote zitakufuata. Tenga sehemu kila mwezi. NSSF hupokea michango ya waliojiajiri.

Mshahara ukichelewa, andika barua pepe kwa klabu mara moja, nakala kwa wakala, taja mwezi na kiasi. Ukichelewa tena, andika tena. FIVB ina baraza la kusuluhisha madai ya fedha kati ya klabu na wachezaji wa kimataifa, na mashahidi wako huko ni barua hizo pamoja na taarifa za benki. Mchezaji aliyekaa kimya hadi Mei huwa na hasira nyingi na ushahidi mdogo.

Kufikia Februari au Machi, ukiwa bado unacheza, mwulize wakala msimu ujao ukoje, maana klabu huanza kusajili kabla ligi haijaisha. Kabla ya kupanda ndege ya kurudi, chukua video za mechi zote na takwimu za msimu kutoka kwa mchambuzi wa timu, barua ya kocha, taarifa ya daktari wa timu kuhusu magoti na mabega yako, na uthibitisho kwamba malipo ya mwisho yameingia kwenye akaunti.